Majani ya Jioni ya Mweupe

Juzi tulikuwa tunafyeka kando ya uzio wa shule, nikakata mchunga, utomvu wake ukanigandia vidoleni. Ile harufu chungu ikanirudisha nyumbani kwetu Kamunyonge, nikiwa darasa la nne, kwenye banda la sungura la mama mdogo. Nikaona aibu kana kwamba kuna mtu ananitazama. Naandika hapa, na wewe unayesoma usimwambie mtu.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuja kwetu kutoka Butiama alikokuwa ameolewa, ana begi moja tu. Sikuuliza kwa nini. Baba alinunua sungura, mama mdogo ndiye akawa anawatunza. Aliandika ratiba kwenye kipande cha boksi akakipigilia mlangoni: siku jike alipopelekwa kwa dume, siku ya ishirini na nane kumwekea sanduku la kuzalia, siku ya thelathini na moja kuzaa. Chini, kwa herufi kubwa: ANAYENYONYESHA ANAKULA MARA MBILI. Asubuhi aliwapa pumba na maji mwenyewe, halafu anaenda sokoni kuuza dagaa. Majani ya jioni yalikuwa kazi yangu.

Jike letu Mweupe alizaa saba. Alijinyonyoa manyoya ya kifuani akawatandikia, nao wakalala humo wekundu, kila mmoja kama kidole gumba.

Majani mazuri, mchunga hasa, yalikuwa ng'ambo ya barabara, na jioni ndiyo wasichana wa darasa letu walikuwa wanapita na ndoo. Siku moja wakanikuta na gunia kichwani.

"Mama Sungura huyo," mmoja akasema. "Na wewe unakulaga hayo majani?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo nikawa najificha nyuma ya choo mpaka wapite, halafu nang'oa nyasi kavu za pale uani, namtupia Mweupe, nakimbilia ndani. Mama mdogo akiuliza, nasema ameshakula.

Vitoto vikaanza kufa kimoja kimoja, matumbo yamebonyea, ngozi imekunjamana kama ya mzee. Kufika Jumapili sanduku lilikuwa na manyoya tu.

Baba akaja kusimama bandani. "Huyu hana maziwa, shemeji. Tumle tu."

"Mpe zamu moja, shemeji. Apumzike, ashibe, nitamrudisha kwa dume. Labda alikuwa hashibi."

"Hashibi vipi? Bhoke, ulikuwa unamletea majani kila jioni?"

Mama mdogo akanigeukia. Alinitazama kwa muda, midomo imefunguka kidogo, kama mtu anayesubiri kupokea kitu.

"Ndiyo, baba."

"Si umesikia? Wengine ndivyo walivyo. Kuzaa wanazaa, kulea hawawezi."

Mama mdogo akaenda kutafuta kisu.

Mchana alitupikia ile nyama yeye mwenyewe, na ugali wa muhogo. Akasema tumbo linamuuma, hakula. Mimi nilikula, tena nikaomba niongezewe mchuzi.

Mwaka jana, tukiwa tunachambua maharage, mama akaniambia kilichomtoa mdogo wake Butiama. Alizika watoto wawili, wote wachanga. Wakwe wakasema maziwa yake ni mabaya, wakamfukuza. Nilisikia masikio yanawaka, nikajifanya naenda kunywa maji.

Pasaka ya mwaka huu nikapelekwa kwake Bunda, anakoishi sasa. Siku tatu nilishindwa kusema. Ya nne nikamwambia yote, macho chini: wale wasichana, choo, nyasi kavu.

"Nilijua," akasema, anaendelea kupepeta mchele. "Nilikuwaga nazikuta hizo nyasi. Nilikuwa nakusubiri tu useme, baba yako asikie."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Miaka yote hiyo nilidhani alikuwa anamtetea sungura tu.