Nilimpa Binti Yangu Figo ya Mbuzi Wake

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Wapo rafiki zangu hapa Rexdale, Toronto, wanaoniambia niachane nayo, eti ni mbuzi tu. Si mbuzi tu! Ningekuwa nimeua mbuzi tu, ningekuwa nalala vizuri.

Jina langu sitalitaja. Ni mwanamume wa miaka arobaini na nne, Mtanzania, mzaliwa wa Singida vijijini, mwenye mke na mtoto mmoja wa kike. Naendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Binti yangu nitamwita Tumaini, ingawa silo jina lake, maana aibu niliyompa inamtosha.

Kwanza nikueleze mambo ya kwetu, la sivyo utaniona mwendawazimu.

Kwetu mtoto hakuwa na mwanasesere, alikuwa na kifaranga. Ukishatembea bila kuanguka unapewa kuku wako, ukikua kidogo unapewa mbuzi. Unamlisha, unamtoa kupe, unampa jina, unalala naye mchana kwenye kivuli cha zizi. Halafu siku inafika, kuna mgeni au kuna harusi, na baba anakuja na kisu. Hakuna aliyekuficha kitu. Ulikuwa umeambiwa tangu siku ya kwanza kwamba huyu ni rafiki yako na ni kitoweo chetu.

Na baba yangu alikuwa na desturi moja. Mnyama akichinjwa, figo ilichomwa kwanza, na hakuna aliyegusa nyama mpaka yule aliyemlisha ameila mbele ya watu wote. Ilikuwa heshima ya mchungaji. Asiyeila, baba alisema, amemdharau mnyama na amewadharau wageni.

Mimi zamu yangu ilifika nikiwa na miaka minane. Mbuzi wangu aliitwa Sururu, kwa ajili ya pembe zake. Mama yake alikufa akimzaa, nikamlea kwa maziwa ya chupa ya soda iliyofungwa kitambaa mdomoni. Alikuwa akinifuata mpaka mlangoni mwa darasa, na mwalimu alitucharaza wote wawili. Walimchinja kwenye harusi ya dada yangu. Nikapewa figo.

Hadithi hiyo nimeisimulia hapa Toronto mara nyingi kuliko ninavyosali. Kwenye sherehe za Watanzania, baada ya ibada ya Kiswahili, popote palipo na watoto wa huku wanaomlilia hamsta, panya wao wa kufugwa. Nilisimulia jinsi nilivyosimama, nikatafuna, nikalamba vidole, baba akanipiga begani na wazee wakasema huyu ni dume. Watu walicheka sana, na mimi nilipenda wanavyocheka.

Sasa sikia nilichofanya.

Mwaka juzi mama yangu alipata viza ya kuja kututembelea. Alikuwa hajawahi kupanda ndege maisha yake yote. Nikasema mama yangu hawezi kupokewa kwa kuku wa friji. Mwezi wa tano nikaenda shamba la mzee mmoja wa Kireno, mwendo wa saa nzima kaskazini mwa jiji, ambako wengi wetu tunanunua mbuzi wa sherehe. Kwa kawaida unachagua aliyekwisha kukua, anapelekwa machinjioni, wewe unarudi na nyama. Mimi nikachagua mtoto wa miezi miwili. Tukakubaliana akae pale anenepe hadi Septemba, na kila Jumamosi nitakuja kumlisha mwenyewe. Na siku zote nilikwenda na Tumaini. Alikuwa na miaka tisa.

Tumaini alikuwa kama watoto wengi wa hapa. Unamsemesha kwa Kiswahili, anaelewa, anakujibu kwa Kiingereza. Iliniuma, hasa kwa kuwa bibi yake hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Basi siku ile ya kwanza pale shambani nikamtania kwamba mbuzi huyu hasikii Kiingereza, ukoo wake umetokea Singida. Aliniangalia. Alijua ni uongo, akaukubali hivyo hivyo. Akainama akamwambia mbuzi, "Kula. Kula kidogo."

Jamani! Niligeukia uzio nikajifanya natafuta funguo mfukoni.

Alimwita Mjomba, kwa jinsi alivyokuwa akitafuna huku amekukazia macho, kama anayengoja umalize kuongea. Kila Jumamosi ikawa sogea Mjomba, usinisukume Mjomba, una haraka gani. Kufika Julai Kiswahili kilikuwa kimetoka zizini kimeingia kwenye gari. Njia nzima ananihadithia mambo ya shule, ananiuliza kwato ni nini, kucheua ni kufanya nini, na kwa nini mbuzi anapiga chafya kama babu. Sijawahi kujisikia baba kama nilivyojisikia kwenye barabara ile.

Na sikumwambia. Kosa langu liko hapo.

Mke wangu alinionya mara mbili. Mara ya kwanza nikamtania kwamba mtu wa mjini Sinza anajua nini kuhusu mbuzi. Mara ya pili aliacha vyombo kwenye sinki akanigeukia. "Mwambie sasa hivi, kabla hajampenda zaidi," alisema. Nikamjibu kwamba mwanangu si mtoto wa mayai. Yule mzee Mreno naye, siku moja akifunga lango, aliniuliza taratibu kama binti anajua. Nikamwambia kwetu watoto wanajua. Akasukuma komeo, akaenda zake.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Nikimwambia hatakuja tena, na asipokuja Kiswahili kitakatika, na mama yangu atafika akute mjukuu bubu. Nikajiambia kwamba akipewa figo mbele ya bibi yake ataelewa, ile heshima itafunika yote. Nilijidanganya kwa ufundi mkubwa.

Mama akafika Jumatano. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Ijumaa nikamwambia Tumaini nina shifti ya ziada, nikaenda shambani peke yangu. Yule mzee akampakia Mjomba kwenye pikapu, tukaenda machinjioni. Tulipofika, Mjomba akagoma kushuka. Alikaza miguu, mzee akavuta kamba mpaka akachoka. Ndipo mimi nikasogea nikasema polepole, kama binti yangu alivyokuwa akisema, "Twende, Mjomba. Twende kidogo."

Akashuka mwenyewe, akanifuata.

Ningeweza kumrudisha kwenye gari pale pale. Nilikuwa na nafasi hiyo na sikuitumia.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Tumaini kitandani na bibi yake, wanaongea. Kwa Kiswahili! Mama yangu alikuwa anacheka huku anafuta machozi. Nilimsikia mwanangu akimweleza, "Jumapili baba atatupeleka shambani, nami nitakutambulisha kwa Mjomba." Nikaenda jikoni kutwanga kitunguu saumu.

Jumamosi mchana tulikuwa watu kama ishirini kwenye kiua cha nyumba tunayopanga. Nilichoma figo kwa mkono wangu, nikatia chumvi, nikaikata vipande viwili, nikaiweka kwenye kisahani. Kisha nikasimama nikahutubia. Nikasimulia habari za Sururu, watu wakacheka mahali wanapocheka siku zote. Nikaeleza desturi ya baba. Nikasema leo na mimi nina mchungaji ndani ya nyumba yangu, nikamwita Tumaini mbele. Alikuja amevaa kitenge alicholetewa na bibi yake, watu wakapiga makofi. Akatia kipande mdomoni akatafuna huku anatabasamu, kwa sababu kila mtu alikuwa anatabasamu.

Halafu akaanza kutafuna polepole. Nilimwona anayapanga maneno yangu kichwani, moja baada ya jingine.

"Baba," akasema, "mimi nilimlisha nani?"

Nikamwambia, "Mjomba." Nikacheka. Nilicheka, ndugu zangu, kwa kuwa wengine walikuwa hawajaacha kucheka!

Hakulia. Alikitoa kile kipande mdomoni, akakiweka kiganjani, akafumba mkono. Mama yake akaja akamshika bega akampeleka ndani.

Mama yangu, aliyekuwa akidhani Mjomba ni mtu, akauliza huyo Mjomba ni nani. Jirani mmoja akamweleza. Mama akaiweka sahani yake chini kwenye nyasi. Nilidhani atanitetea, maana desturi ilikuwa ya mumewe. Akaniangalia kama mtu aliyevunja kitu cha watu.

"Wewe hukula," alisema. "Uliificha shavuni, ukaenda ukaizika nyuma ya zizi. Siku nne hukugusa chakula. Baba yako alijua, akanikataza nisiseme ili usiaibike."

Ndiyo, msomaji, ni kweli. Sikuila ile figo. Nilitafuna hewa, nikalamba vidole, nikaondoka natembea kama mtu mzima, na nilipofika nyuma ya zizi nikachimba kwa kucha. Yote niliyoyasimulia miaka hii yalikuwa uongo. Niliurudia mpaka nikauamini, lakini nisijisingizie usahaulifu. Kule machinjioni, nilipomwita Mjomba kwa maneno ya mwanangu, nilikumbuka kila kitu.

Na Tumaini alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa wavu. Alisikia yote aliyosema bibi yake.

Mkono wake haukufumbuka mpaka jioni. Yeye na mama yake walikizika kile kipande kwenye kona ya ua. Sikuitwa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nakunywa chai peke yangu. Tumaini akashuka ngazi, akasimama ng'ambo ya meza akiwa bado na nguo za kulalia.

"Baba, ulijua inauma?"

Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake ni neno moja. Nilitazama kikombe changu, nikamjibu kwa Kiingereza kwamba tutaongea baadaye. Mimi! Mimi niliyekuwa namgombeza kila siku ajibu kwa Kiswahili, nilikimbilia lugha ninayomjibia msimamizi wangu nikichelewa kazini. Aliitikia kwa kichwa, akapanda juu.

Tangu siku hiyo hajanipa neno la Kiswahili hata moja.

Sasa ana miaka kumi na moja. Usidhani ameninunia, afadhali angeninunia. Ananisalimia, ananishukuru, ananiaga, yote kwa Kiingereza, kwa adabu ile ile anayompa dereva wa basi la barabara ya Kipling. Mama yangu alikaa miezi miwili, wakawa wanalala chumba kimoja, na kila siku niliwasikia kupitia ukuta wakipiga soga na kuangua vicheko. Kiswahili chake leo kinanyooka kuliko changu. Kila Jumapili anampigia bibi yake simu. Nikiingia sebuleni anainuka na simu, anaenda chumbani, anafunga mlango.

Watu wananiambia niombe radhi. Nimeomba! Nimemwomba mara tatu. Mara ya mwisho nilimweleza kila kitu, habari za Sururu na shavu na shimo, nikalia mbele yake bila kujizuia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa Kiingereza kwamba anashukuru nimemwambia, akarudi kwenye kazi zake za shule.

Mwezi uliopita nikaongeza ujinga mwingine, nikamwambia nitamnunulia paka. Baadaye alimwambia mama yake kwamba hatafuga kiumbe chochote kwenye nyumba ninayoishi mimi. Nilimuuliza mke wangu kama aliyasema hayo kwa hasira. Akaniambia hapana, aliyasema huku anakunja nguo.

Nyinyi mnaolea watoto huku ugenini, nawaomba mnisikilize, hata kama mnaniona mpumbavu. Sisemi desturi ya baba yangu ilikuwa mbaya. Baba aliniambia ukweli siku ya kwanza, na nilipozika ile figo alinifichia aibu yangu mpaka akaenda nayo kaburini. Mimi nilichukua kisahani tu, nikayaacha hayo mengine yote.

Ukimpa mtoto mnyama wa kula, mwambie kabla hajampa jina. Akikataa kumlisha, mwache akatae. Ukiwa uliumia utotoni, usiende kuwachekesha watu kwa kidonda chako halafu ukampa mwanao kama zawadi. Na siku akija kukuuliza kama ulijua inauma, weka kikombe chini. Mjibu pale pale, kwa lugha aliyokuulizia.