Mbwa wa Binti Yangu na Njia ya Arizona

Binti yangu alipopata nafasi katika chuo kimoja cha Arizona, mke wangu alitangaza mambo mawili mezani. La kwanza, mtoto wake hapandi ndege peke yake kama kifurushi. La pili, yeye mwenyewe halali kwenye hoteli za njiani ambazo hajui nani kalalia shuka zake jana. Kisha binti akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba mbwa naye lazima aje kumsindikiza. Ndivyo mimi, dereva wa teksi wa uwanja wa ndege Houston, nilivyojikuta nimeazima kwa jirani yetu Mmarekani, mtaani kwetu Alief, lile gari refu lenye vitanda, jiko na choo ndani, ambalo wenyewe huliita RV. Nimeendesha magari maisha yangu yote, lakini lile lilikuwa kama kuendesha ukumbi wa harusi.

Huyo mbwa nimweleze kwanza, maana watu wa kwetu Mombasa wakisikia tulifuga mbwa hunitazama vibaya. Binti alimwokota nyuma ya shule, akamleta nyumbani ndani ya kisanduku cha viatu. Mke wangu alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mwisho tukapatana: mbwa ni mlinzi, atakaa uani, na hatavuka mlango wa jikoni. Akitia ulimi kwenye chombo, chombo kitaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kama tulivyofundishwa tangu utotoni. Mke wangu akaweka mkebe wa udongo safi chini ya sinki, karibu na sabuni. Binti alimpa mbwa jina zuri la Kiingereza, lakini kwa kuwa mama alimfokea "Wewe!" kutwa kucha, mbwa akaamua kwamba hilo ndilo jina lake. Ukimwita kwa lile jingine hageuki.

Katika safari ile nilikuwa na haja moja, na sikumwambia mtu. Nilitaka binti yangu aseme nami kwa Kiswahili kabla sijamwacha huko, hata sentensi moja. Si kwamba alikuwa hakijui. Alipokuwa mdogo alikiongea vizuri tu, mpaka Idi moja tulipokwenda kwa jamaa zetu Cedar Hill, upande wa Dallas, akakosea neno mbele ya wageni. Sebule nzima ikacheka. Kilikuwa kicheko cha mapenzi, na mimi nilicheka, lakini mtoto atajuaje. Tangu siku hiyo tukimuuliza kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, nasi tukazoea kama watu wanavyozoea bomba linalovuja. Sasa nikajiambia: jangwa ni refu, redio haishiki, atachoka na kimya, atasema tu.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. San Antonio ikapita, miti ikaanza kufupika, halafu ikakoma kabisa. Texas haiishi. Unaendesha mpaka unahisi mtu anakufanyia mzaha, na bado uko Texas. Mbwa alilala kwenye mkeka wake nyuma, kichwa juu ya mguu wa binti, na mke wangu alikaa mbele na kanga yake mapajani, akigeuka kila mara kuhakikisha mnyama yule hajatoka mkekani.

Nikaanza mbinu zangu.

"Mwanangu, hebu tazama milima ile. Ina rangi gani?"

"Kind of purple, Baba."

Nikamuuliza kama ana njaa. "I'm good, Baba." Nikajifanya mzee aliyesahau maneno, nikauliza ile mimea ya miiba tunaiitaje kwetu. "Cactus," akanijibu, bila hata kuinua macho. Mke wangu akanifinya paja.

"Mwache mtoto," akasema. "Wewe endesha gari."

Jua lilipoinama tulisimama karibu na Van Horn, kwenye uwanja wa kuegesha magari kama lile letu. Mke wangu alikuwa ametoka Alief na sufuria nzima ya pilau. Akaifunua, akaenda kutawadha. Aliporudi, mbwa alikuwa amezamisha kichwa ndani mpaka masikio.

"Wewe! Toka! Toka hapo! Nshakwambia mara ngapi?"

Mbwa akatoka, punje za wali zimemganda puani. Mke wangu akashuka na sufuria mkononi, akainama kutafuta mkebe wa udongo kwenye mizigo, kisha akasimama wima kama aliyeibiwa. Mkebe ulibaki Alief. Nikamwona macho yamemjaa machozi, na nikajua hayakuwa ya mkebe wala ya pilau, kwa sababu hata mimi tangu asubuhi nilikuwa nikiwaza kurudi bila mtoto.

"Bibi wee," nikamwambia, "umezungukwa na mchanga mpaka Meksiko, walilia mkebe?"

Binti ndiye aliyeanza kucheka. Akapiga magoti, akachota mchanga kwa viganja viwili, akamletea mama yake. Mama akasugua, yeye akamimina maji, akihesabu. "One. Two." Mimi nilisimama pembeni nikisikiliza kila namba, nikimwomba Mungu angalau moja ije kwa lugha yetu. Hakuna. Akafika "seven", na hapo mzee mmoja Mmarekani wa gari la pili, aliyekuwa akitutazama muda wote, akaja taratibu na chupa nzima ya sabuni ya vyombo, akatwambia tusione haya, tuichukue tu. Tulicheka sote watatu mpaka tukakaa chini. Pilau yote ikawa ya mbwa, sisi tukala mkate na chai. Mpaka leo natamani kurudi pale, tukae vile vile, mikono ya mwanangu imejaa mchanga hadi viwiko.

Kesho yake tulifika Tucson. Joto lilikuwa la kuokea mkate. Tulipandisha maboksi chumbani kwake chuoni, mke wangu akatandika kitanda cha mtoto, akakitandua, akakitandika tena. Tulipoishiwa na visingizio, binti alishuka hadi kwenye gari, akamkumbatia mbwa na kumnong'oneza kitu sikioni. Kisha akanikumbatia mimi. "Bye, Baba. Drive safe."

"Inshallah, mwanangu," nikasema, nikaenda kukagua matairi yasiyokuwa na tatizo lolote.

Wakati wa kurudi mbwa hakula. Alisimama kwenye dirisha la nyuma akitazama barabara inavyobaki. Hata alipoacha mkeka, akaja mbele, akalaza kichwa juu ya kiatu cha mke wangu, hakufokewa. Tulipokaribia Lordsburg simu ikapata mtandao. Niliegesha, mke wangu akapiga. Wakazungumza kidogo, mama kwa Kiswahili, mtoto kwa Kiingereza. Mara nikamsikia mke wangu akiuliza, "Nimpe nani? Mbwa?"

Akanitazama. Kisha akaishika simu kwa ncha ya kanga, akaisogeza kwenye sikio la mbwa. Simu zile za kukunja zilikuwa na sauti kali, nikasikia kila neno.

"Wewe. Ushakula? Kula bwana, usimtie mamangu wasiwasi. Na babangu usimwache peke yake, ajifanya mkali tu yule. Nawakumbuka, wewe. Huku simjui mtu."

Kilikuwa Kiswahili cha Mombasa, chenye lafudhi ile ile ya mama yake. Mke wangu alijiziba mdomo kwa mkono. Mimi nilitamani kuinyakua simu ile niseme nipo, mwanangu, sema na mimi. Lakini nilikumbuka sebule ya Cedar Hill. Mbwa hacheki. Nikatulia mpaka akamaliza.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila Ijumaa akipiga, tulisalimiana kwa Kiingereza chake, kisha akaomba kupewa mbwa. Mlango wa jikoni ulishasahauliwa, mbwa sasa alikuwa na pahala pake sebuleni, nami nilikaa zuliani karibu naye, nikibana pumzi. Habari za mitihani, za upweke, za kijana aliyemvunja moyo, zote nilizipata kwa kukaa karibu na sikio la mbwa. Niliona wivu, sifichi.

Mbwa alikufa binti akiwa mwaka wake wa mwisho. Nilimzika uani. Ijumaa simu ilipolia mke wangu alikuwa zamu Sugar Land, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, kwa hivyo ni mimi niliyeipokea na ni mimi niliyemwambia. Nilimsikia akilia kwa kujizuia. Nikangoja aseme "Okay, Baba," akate.

"Baba," akasema. "Ushakula?"

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka mezani, wali wa nazi umenifika shingoni.

"Bado, mwanangu," nikamwambia.