Vidole Viwili kwa Sori Moja

Mvuke umeshajaa chumba kizima na chai ya asubuhi bado haijanywewa. Katika kiwanda hiki cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali, wanawake wawili wamesimama mbele ya mashine ya pasi, kila mmoja na kona yake ya shuka. "Twende!" anaita wa kulia. Wanalilisha pamoja, rola ya moto inalivuta, na upande wa pili linatoka limenyooka.

Upande huo wa pili yupo Kipenga. Jina hilo wamempa wenzake, kwa kuwa sauti yake inashinda kelele za mashine. Anakunja mashuka haraka haraka, mkono wa kulia ukipiga mikunjo, wa kushoto ukishikilia. Wa kushoto hauna kidole cha shahada wala cha kati.

Msimamizi anapita akisukuma toroli la taulo. "Sori, sori," anasema, na gurudumu linampiga Kipenga kisigino. Msimamizi hageuki.

"Umesikia?" Kipenga anamuuliza mwandishi wa makala haya, macho yamemtoka. "Humu ndani sori ni kama sabuni. Inamwagwa tu kila mahali."

Anayataja matumizi yake bila kuvuta pumzi. Ukitaka kupita, sori. Ukimwaga chai ya mwenzako, sori. Mtu akifiwa na mama yake, sori. Ukiomba ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki unaambiwa sori, na hapo ujue umenyimwa. "Na ukikatika vidole," anaongeza, "unapewa sori ile ile ya toroli. Hata kuibadilisha hawakuibadilisha!"

Mbele ya mdomo wa rola kuna kizuizi, chuma chembamba ambacho mkono ukikigusa, mashine inasimama. Tatizo ni kwamba shuka zito nalo hukigusa, na kazi inakwama. Msimu wa wageni ulipofika na mashuka yakarundikana hadi mlangoni, msimamizi alimwamuru fundi akifunge kizuizi hicho kisicheze, kwa kitambaa kilichochanwa kutoka shuka bovu.

Kipenga alisema. Hakunong'ona, maana kunong'ona hajui. "Nilimwambia, bosi, hiki ndicho kinachotulinda. Akanijibu, sori mama, kazi imetuzidi, tutakiangalia wiki ijayo."

Wiki ijayo haikungojwa. Shuka lilijikunja ukingoni, na kwa sababu wateja hurudisha shuka lenye makunyanzi, Kipenga akanyoosha mkono kulitengeneza kama walishaji wote wanavyofanya. Rola haikusimama. Kwenye kona ya pili alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, ambaye Kipenga mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi hapo. Wifi ndiye aliyekimbilia swichi ya ukutani huku akipiga mayowe.

"Bosi alikuja hospitali na machungwa," Kipenga anasimulia. "Akasema sori sana, tuko pamoja. Pamoja wapi? Yeye vidole vyake si anavyo?"

Hata hivyo, anasema, hasira ya siku ile ingepoa. Kinachomchemsha damu ni alichokikuta aliporudi kazini. Kitambaa kilikuwa pale pale, kimefungwa vile vile, kimekuwa cheusi kwa uchafu. Na kona yake ya zamani alikuwa amepewa wifi. Yule anayeita "Twende!" kila asubuhi ndiye huyo.

Nyumbani, Kipenga hawezi tena kukamua nguo, na vifungo vya sare ya binti yake vinamtoa jasho. Mama mkwe wake, anayeishi nao, humsaidia akiwa na donge lake mwenyewe. "Wangu wa kike ni huyo mmoja tu," anasema mama huyo kuhusu wifi. "Akitoka asubuhi naiangalia mikono yake. Akirudi jioni naiangalia tena. Hayo nayo ni maisha?"

Je, Kipenga anataka nini? Anaacha kukunja.

"Aniombe msamaha. Mtu akikwambia nisamehe, amekubali kwamba amekosa. Inabidi asimame hapo angoje, maana naweza kukubali, naweza kukataa. Hii sori yao haingoji jibu. Anaisema huku anatembea."

Mwandishi alipomfuata msimamizi ofisini, jibu la kwanza lilikuwa, "Sori, nina kikao." Alikuwa peke yake na kikombe cha kahawa. Baadaye alisema kampuni inajali sana usalama wa wafanyakazi. Kutoka kwenye kiti chake, kupitia kioo cha dirisha, kile kitambaa kinaonekana vizuri kabisa.

Wanawake wa kiwandani wamechoka kungoja. Shuka halilishwi na mtu mmoja, lina kona na kona, na hapo ndipo walipoanzia mpango wao. "Hatuvunji kitu, hatumtukani mtu," anasema Kipenga. "Tunaweka kona chini, basi. Nataka wifi yangu azeekee kazini na vidole vyake vyote."

Baada ya chakula cha mchana, mashine inawashwa. Wifi anakaa chini, mapaja yakiwa yamejaa mashuka. Mwenzake naye anakaa. Msimamizi anatoka ofisini mbio.

"Sori, kuna nini hapa?"

"Kifungue," anasema Kipenga, na safari hii kelele za mashine hazifui dafu mbele yake.

"Fundi hayupo leo, mama."

"Amri ilikuwa yako. Kifungue kwa mkono wako."

Msimamizi anawatazama mmoja mmoja, hakuna anayenyanyuka. Anasogea kwenye rola. Anainama, ananyoosha vidole kuelekea kwenye fundo, kisha anavirudisha upesi.

"Zimeni mashine kwanza," anasema. "Mtu asije akaumia."

Hakuna anayecheka. Kipenga anakwenda ukutani na kuizima swichi kwa mkono wake wa kushoto. Fundo limekazwa na mvuke, linamchukua msimamizi muda. Linapoachia, kizuizi kinarudi mahali pake, naye anajifuta mikono kwenye suruali na kuanza kuondoka.

"Sori," anasema akiwa anapita.

Kipenga anasimama mlangoni, mbele yake.

"Hiyo nilishapewa," anamwambia. "Sema ile nyingine. Sisi tunangoja."