Fahali Anayetokwa na Mate

Nakumbuka siku ambayo fahali wa saruji pale bustanini alifunguliwa maji kwa mara ya kwanza, na baba yangu mzazi akasema mbele ya watu wote kwamba ng'ombe yule ni mgonjwa. Nataka nikusimulie vizuri, Rhobi mwanangu, kwa sababu jana ulikuja hapa ukaniambia kamati yenu mpya ya bustani inakutana Jumamosi, na wewe ndiye utakayesimama kuomba fahali avunjwe. Ulinionyesha kwenye simu picha ya chemchemi uliyoiona Mwanza, ya vigae vyeupe, yenye taa za rangi chini ya maji. Nilikupakulia ugali, ukala, ukaenda. Shangazi yako hana tabia ya kubishana na mtu mwenye njaa.

Leo umeshiba, kwa hiyo nisikilize.

Kwanza, ulichosema ni kweli. Fahali amechakaa. Kifuani ana utando wa kijani, mgongoni ana ufa unaoingia kidole, na ndani ya beseni kuna chupa za soda nyingi kuliko maji. Maji yenyewe yaliyokuwa yakiruka hadi usawa wa pua yake siku hizi hayafiki magotini. Mtu akishuka kwenye gari la Nyamongo na kumwona kwa mara ya kwanza, anaweza kudhani ni kichuguu kilichoota pembe. Sikatai hata moja. Ningekataa ungesema shangazi anamtetea mumewe, maana mji mzima unajua aliyemjenga ni Lukasi wangu.

Wakati huo nilikuwa msichana niliyetoka kijijini kwetu Itiryo juzi tu. Kamati ya kwanza ilikuwa imeniajiri kufagia bustani na kumwagilia maua. Lukasi alikuwa fundi, mtu wa Masasi, aliyekuja huku kujenga nyumba. Kazi ile iliisha, wenzake wakapanda basi, yeye akabaki. Alibaki kwa sababu ya nani, hilo unalijua, usinilazimishe kulitamka.

Kamati ilipomwomba ajenge chemchemi, alichagua mwenyewe kuweka fahali. Alisema Wakurya ni watu wa ng'ombe, na yeye anataka kuwapa kitu chao. Ila kwao walikuwa na mikorosho na mbuzi kidogo; ng'ombe alikuwa akiwaona kwa mbali. Basi akawa anakwenda mnadani, anasimama kwenye uzio tangu asubuhi, anatazama nundu, anatazama jinsi pembe zinavyopinda na ngozi ya shingoni inavyoning'inia. Wachuuzi walimdhania mwizi. Akirudi, ananiuliza mimi: hivi mkia unaanzia wapi hasa? Namwonyesha kwa mti wa ufagio, naye anachora chini.

Na alikuwa na hesabu yake nyingine. Siku ya uzinduzi wazee wa Itiryo wangealikwa, baba yangu akiwemo. Lukasi aliniambia kwamba kabla hajatuma watu kupeleka posa, anataka baba aone kwanza kazi ya mikono yake. Hakuwa na ndugu huku wa kumsemea. Fahali ndiye angemsemea. Kwa hiyo uelewe, mwanangu, siku ile mimi sikwenda kutazama chemchemi. Nilikwenda kujua kama nitaolewa na mtu ninayemtaka.

Watu walijaa. Wazee walikaa mbele kwenye viti vya kanisani, baba yangu katikati na baba mdogo ubavuni kwake. Shuka lilipovutwa watu wakaguna kwa kuridhika, maana umbo lilikuwa zuri kweli. Nundu ilikuwa nundu. Kisha mwenyekiti akamwambia Lukasi afungue koki.

Lukasi alikuwa amepitisha bomba shingoni ili maji yatokee mdomoni. Aliwahi kuona kwenye kalenda ya dukani picha ya simba wa jiwe anayemwaga maji hivyo, akaona kwamba kinachomfaa simba kitamfaa na ng'ombe. Lakini simba hafugwi na mtu. Maji yalitoka kidogo, kwa uvivu, yakapita juu ya mdomo wa chini, yakaning'inia kidevuni kwa nyuzi ndefu na kudondoka.

Hakuna aliyepiga makofi. Wewe umezaliwa mjini, lakini muulize baba yako ng'ombe anayetokwa na mate vile ana nini. Wote pale walikuwa wamewahi kuamka asubuhi wakakuta hali ile zizini, na hakuna anayeisahau.

Baba aliinuka. Akaenda hadi kwenye beseni, akainama akachungulia mdomoni, akazunguka akatazama kwato moja moja, taratibu, kama ananunua. Akasema, "Miguu ni mizima. Lakini mdomo huu ni ugonjwa wa miguu na midomo. Huyu ng'ombe anaumwa."

Watu wakacheka, mwanangu, wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Mchuuzi mmoja akapaza sauti kwamba mnada ufungwe wiki hii, ugonjwa umeingia. Mwingine akauliza daktari wa mifugo yuko wapi. Baba mdogo, ambaye minong'ono kuhusu mimi na fundi ilikuwa imeshamfikia, akauliza kwa sauti ya kusikika mtu kama huyu atatuletea ng'ombe gani wa mahari. Lukasi alikuwa bado ameshika koki. Hakuifunga wala hakuiachia. Niliona aibu kwa ajili yake, na niliwachukia wote waliocheka, baba yangu akiwa wa kwanza kwa kuwa yeye ndiye aliyeanzisha.

Mwenyekiti wa kamati naye aliona aibu, ila yake ilikuwa ya kutaka iishe haraka. Akawaagiza vijana walete nyundo kubwa, kichwa kitolewe pale pale na sherehe iendelee. Vijana wakaanza kwenda, wengine wakiwashangilia.

Hapo baba akageuka. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hata siku hiyo hakupiga.

"Nani amesema achinjwe?" aliuliza. "Mimi nimesema ni mgonjwa. Kwenu ng'ombe akiugua mnakimbilia shoka?"

Kicheko kikakatika. Akawatazama wazee wenzake mmoja baada ya mwingine, akawauliza kama wanaona haya kumcheka mtoto wa watu aliyetoka mbali kuja kujenga ng'ombe wao, au hawaoni. Kisha akavua koti lake, akalikunja, akaliweka kwenye ukingo wa beseni na kulikalia. Akamwita Lukasi.

"Mura, njoo hapa. Mwenye ng'ombe ni wewe. Tunamtibu vipi?"

Mura ni kijana, lakini baba hakuwa na kawaida ya kumwita mgeni hivyo. Lukasi alikwenda. Akaanza kueleza, mwanzoni kwa kigugumizi. Alisema anaweza kuziba mdomo, akalitoa bomba shingoni na kulipitisha chini, ili maji yaruke kutoka ndani ya beseni mbele ya pua ya fahali. Baba akafikiri. Akasema ikiwa hivyo atakuwa ng'ombe aliyefika mtoni. Lukasi akasema ndiyo, mzee, atakuwa amefika mtoni.

Watu walitawanyika, wazee wa Itiryo wakarudi kwao. Baba hakurudi. Alilala kwa ndugu yetu nyuma ya soko, na asubuhi nilimkuta bustanini amekunja suruali, amebeba karai la saruji. Hakuwahi kushika saruji maishani mwake, na alichanganya vibaya, Lukasi akawa anarudia kwa siri. Alibaki hadi kazi ikaisha, hadi maji yakaruka na fahali akawa anayatazama kama anataka kunywa. Ndiyo sura unayoijua wewe.

Kazi ilipokwisha baba aliuliza nani atakuwa anamwosha ng'ombe huyu, maana ameona maji yaliyosimama yanavyoota utando. Lukasi akajibu bila kufikiri, "Bhoke." Hakusema yule dada wala yule mfagiaji. Alilitamka jina langu kama mtu aliyelizoea. Baba akamtazama, akanitazama na mimi, akachukua koti lake.

"Kumbe mnajuana," akasema, akaondoka akicheka peke yake njiani.

Na ng'ombe wa mahari, Lukasi aliwanunua mnadani akiwa na baba yangu ubavuni, anamfundisha kufungua mdomo na kutazama ulimi. Baba mdogo aliwacheka miaka yote hadi alipofariki, kwamba hajawahi kuona mkwe akichaguliwa ng'ombe na anayemdai. Baba hakujali.

Tangu hapo mimi ndiye niliyemwosha. Kazi yenyewe haina siri. Unafungulia maji yote yatoke, unasugua utando kwa brashi na mchanga, bila sabuni, kwa sababu ndege wanakunywa pale. Tundu la bomba unalizibua kwa waya mwembamba. Ufa unauziba ukiwa mdogo. Watoto walivunja sikio, Lukasi akaweka jingine. Vijana wa bodaboda waligeuza beseni kuwa mahali pa kuoshea pikipiki, nikawafukuza kwa ufagio hadi wakazoea. Kuna mwaka mtu wa kamati alimpaka rangi nyekundu ya mafuta bila kuuliza, ikabambuka kama ngozi yenye upele, tukaikwangua mimi na mume wangu mwezi mzima. Kisha magoti ya Lukasi yakakataa, mgongo wangu ukafuata, na kamati ya zamani ikalala. Utando ulianzia hapo.

Jana ulipoondoka nilimweleza Lukasi ulichosema. Nilidhani ataumia. Alikula, akanawa, akasema, "Waambie waanzie nyuma, kwenye mkia. Pembe zina nondo, wakianzia huko watajiumiza." Lakini leo asubuhi nilipofungua mlango niliukuta mwiko wake wa kujengea umeegemezwa ukutani, umesuguliwa kutu yote. Nilikaa jikoni nikalia kidogo, halafu nikakutumia ujumbe uje.

Basi nasaha yangu ni hii, Rhobi. Macho yako ni mazuri na mdomo wako hauogopi, na hivyo vyote ulivirithi kwa babu yako. Ukiona kasoro, iseme, hata mbele ya watu, hata kama ni ya mtu unayemheshimu. Lakini ukishaisema, usiondoke. Vua koti ukae pale pale, umwite mwenye kazi, umuulize itatengenezwaje, na karai ulibebe wewe. Watu wa kusema kitu ni kibovu wamejaa mji huu, na wa kuleta nyundo wamejaa vilevile. Baba yangu aliyasema maneno yale yale waliyokuwa nayo wote vichwani. Tofauti yake ni kwamba yeye hakurudi kwao; alilala huku.

Jumamosi simama uwaambie fahali anaumwa. Kabla ya hapo nenda ukamwoshe, nitakuja nikae kwenye benchi nikuelekeze. Na ukishamaliza, ukimtazama akiwa safi bado ukaona vigae vinafaa zaidi, vunja. Nitafagia vifusi mwenyewe wala sitakulaumu.

Mungu akupe mikono isiyoona kinyaa kazi ya utelezi. Akupe mtu atakayebaki siku watakapokucheka, maana watakucheka. Maji yasikauke popote utakapoweka mkono wako, na wanao waje wanywe wakikutaja. Mwiko uko mlangoni. Ukiuchukua, mwamkie Lukasi kwanza, umwite mwenye ng'ombe.