Unga wa Rangi Mbili

Wifi yangu Coletha alitoka Ushirombo, kwa Wakatoliki wale wanaosali rozari hata wakipalilia mihogo. Kaka yangu Masalu alikwenda huko kutafuta ng'ombe wa kununua, akarudi na mke, habari ya ng'ombe ikaishia hapo. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, na kwa sababu nilimpenda nikamtania miaka yote. Nilimwita Mama Padre. Yeye akaniita Mama Ubwabwa, maana nauza wali na maharage hapa Mwakitolyo, jirani kabisa na mashimo ya dhahabu.

Masalu alikuwa mchimbaji, na mnawajua wachimbaji. Dhahabu ipo, ila ipo mbele kidogo. Kesho ukimwuliza, bado ipo mbele kidogo. Coletha hakuwa mwanamke wa kukaa mlangoni akisubiri hiyo mbele kidogo. Alitafuta meza, akatandika kitambaa, akaanza kuuza dawa za maumivu ya kichwa na mgongo. Leseni hakuwa nayo. Nani alikuwa nayo?

Kilichomjengea jina ni rangi mbili. Ndizo zile kapsuli za amoksilini, nusu nyekundu nusu njano, ambazo hospitali wanakuambia umeze. Huku kwetu mwenye kidonda hamezi. Mtu akichunwa na mwamba ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, au sururu ikimwangukia mguuni, haoshi hata kwa maji ya chumvi. Anatafuta rangi mbili, anaifungua, anaumwaga ule unga juu ya kidonda, anafunga kitambaa, anarudi shimoni. Ukimwuliza nani alimfundisha, anakucheka. Ni jambo ambalo kila mtu analijua, na kwa kuwa kila mtu analijua hakuna anayeuliza.

Coletha akaona kwamba mtu mwenye damu mikononi hawezi kufungua kapsuli. Inateleza, inapondeka, unga unamwagika chini. Basi akawa anawafungulia mapema. Mzigo ulitoka Kahama. Anakaa chumbani na sinia la bati, anazikamua moja moja, anaviringisha chupa juu ya unga kuvunja madonge, kisha anafunga kwenye vikaratasi vidogo kama vya ugoro. Na kwa kuwa unga ule ni mwepesi sana, alifunga mlango, akafunga dirisha, akaziba uwazi wa chini kwa khanga kuukuu. Alisema upepo ni mwizi. Binti yake wa pekee, Ritha, akitoka shule alikaa naye humo humo, wanakamua wawili wakiimba nyimbo za kwaya. Walitoka weupe kope na nywele, kama watu waliotoka mashineni kusaga mahindi. Sisi tulicheka, na wao wakacheka.

Ilianza puani. Coletha akawa anapiga chafya asubuhi mpaka analia. Kisha mikono ikamuwasha, ngozi ikapasuka katikati ya vidole. Tukasema ni sabuni. Baadaye kifua kikaanza kumbana, analala ameketi, na ukikaa karibu unasikia ndani yake mlio mwembamba kama filimbi ya mtoto. Tukasema ni vumbi la karasha, ile mitambo ya kusagia mawe ambayo hailali. Karasha zinastahili kulaumiwa kwa mengi, nazichukia na mimi, lakini siku alizokwenda kwao Ushirombo kifua kilifunguka, na akirudi chumbani kwake kinafunga. Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yetu na hatukuliona.

Masalu akampeleka kwa nfumu, mganga wa kienyeji. Mzee yule akapiga ramli, kisha akatamka kwa madaha kwamba kikulacho ki nguoni mwako, huku akinitazama mimi, wifi mtu. Nilitaka kumrukia. Kumbe maskini alikuwa amesema kweli bila kujua, maana unga ulikuwa umejaa kwenye khanga ya Coletha, na ni khanga hiyo hiyo waliyomfunika wakimfukiza moshi wa majani. Alitoka mle tumembeba.

Hospitali alikwenda mara kadhaa. Kila walipomwuliza kazi yake alisema mkulima, kwa kuogopa kukamatwa. Mficha uchi hazai. Wakampima kikohozi cha kifua kikuu, hakipo, wakampa dawa za pumu, akapata nafuu, akarudi kwenye sinia lake. Mwisho nilimsindikiza mimi, na tabibu mmoja wa Kahama, kijana mpole anaitwa Otmar, alipoanza na lile swali la kazi nikajibu kabla yake kwamba anakamua rangi mbili. Coletha alinitazama kwa jicho baya. Otmar aliweka kalamu chini.

"Mama Ritha," alisema, "usipojikinga, unga huo unaingia mwilini kidogo kidogo, na mwili wako sasa umeukataa. Haukubali tena hata chembe. Viwandani wanaofanya kazi hiyo wanavaa barakoa maalumu na glavu, na kuna mitambo inayovuta vumbi lote. Ukimwagika hawaufagii, wanaufuta kwa kitambaa kilicholoweshwa. Nguo za kazini haziendi nyumbani."

"Mimi nilifunga dirisha usipotee," Coletha akasema.

"Ndiyo. Ulijifungia nao." Akamwambia asiuguse tena, na popote atakapotibiwa atangulie kusema kwamba dawa za jamii ya penisilini zitamuua, za kumeza na za sindano. Akasema pia kwamba kidonda hakiponi kwa unga ule, kinahitaji maji safi na sabuni. Coletha aliuliza swali moja tu. "Na mtoto wangu, niliyekuwa nakamua naye?" Otmar akajibu kwamba si kila mwili huukataa, lakini mtoto asiendelee, asiendelee hata siku moja.

Hapo ndipo wifi yangu alipobadilika. Pumzi yake mwenyewe aliihesabu kama kitu kilichokwisha kuibiwa. Jambo alilolitaka duniani likabaki moja, Ritha asiuguse tena ule unga. Alimtoa chumbani siku ile ile, akamwapisha mbele ya picha ya Bikira Maria, na sinia akalitupa chooni.

Akajaribu kazi nyingine. Aliweka ndoo ya maji yaliyochemshwa na sabuni, akawa anawaosha wachimbaji vidonda. Walimpenda, walimheshimu, wakamcheka.

"Mama Ritha, maji hata kwangu yapo," alimwambia mmoja, na goti lake limechanika. "Nipe dawa."

"Hiyo dawa haiponyi, baba. Imeniua mimi."

"Mbona mwaka jana ulinipa nikapona?"

Wachimbaji walihamia meza ya mwanamke mwingine, aliyejifunza kukamua kwa kumtazama yeye. Nilikasirika nao mpaka nikawanyima wali siku nzima, kana kwamba wali wangu ungewatia akili. Sikio la kufa halisikii dawa.

Na kaka yangu? Iliposikika rashi mpya ya dhahabu upande wa Geita, watu wakihamia kwa mamia, Masalu alifunga kifurushi akasema anakwenda kumtafutia mkewe matibabu. Ipo mbele kidogo. Hatujamwona mpaka leo, na wakati mwingine naomba nisimwone.

Coletha akarudi Ushirombo kwenye nyumba ya marehemu wazazi wake. Kifua hakikurudi kama zamani. Akikatiza uwanja anapumzika katikati. Kilichomweka hai ni pumpu, ile ya dawa ya pumu ya kuvuta mdomoni, nayo si kila wakati hospitali walikuwa nayo. Ritha, msichana mzima sasa, akaenda Buseresere kutafuta maisha. Alituambia anauza vitenge dukani kwa mama mmoja. Pumpu zikaanza kuja, moja haijaisha nyingine imefika, na Coletha akawa anawaonyesha majirani. "Vitenge vinalipa," alisema, na nilimsikia akishukuru katika sala.

Mwaka huu baada ya mavuno nilikwenda kumwona. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo, anapumua vizuri, mtani wangu wa zamani. "Karibu Mama Ubwabwa, umekuja kutumalizia chakula," alisema. Tulikuwa bado tunacheka Ritha alipoingia uwanjani ametoka stendi, mkoba begani, nywele kazisuka vizuri.

"Shikamoo sengi," alinisalimu; sengi kwetu ni shangazi.

"Marahaba, mwanangu. Umependeza."

Akamwinamia mama yake, wakakumbatiana, uso wa Coletha ukazama kwenye nywele za bintiye. Walikaa hivyo kidogo. Kisha mabega ya wifi yangu yakaanza kupanda. Ungo ukamporomoka, mchele ukatapakaa. Midomo ilibadilika rangi, macho yakamtoka, na ule mlio wa filimbi ukaja. Nilimtoa Ritha kwa nguvu, nikampa Coletha pumpu, akavuta, akavuta tena. Ritha alisimama pale mikono hewani, haelewi afanye nini nayo.

Ilichukua muda mrefu mpaka Coletha akaweza kusema. Hakuuliza chochote.

"Unafungua rangi mbili," alisema.

"Mama, ni manukato tu, nili—"

"Ritha. Unafungua."

Binti akakaa chini, mbali, pale pale kwenye vumbi na nguo zake nzuri. Akalia. Alisema hapakuwa na duka la vitenge, au lilikuwepo akafukuzwa. Alisema wachimbaji wa huko wanataka rangi mbili kama wa Mwakitolyo, na hiyo ndiyo kazi mikono yake iliyoijua. Alisema anafunga kitambaa puani.

"Kitambaa!" nikafoka. "Hukumsikia mama yako alivyoambiwa?"

"Nilisikia, sengi. Na nikiacha, pumpu ya mama itatoka wapi?"

Nilitafuta jibu kwa dhati, kwenye wali wangu, kwa kaka yangu, kwa serikali, kwa Mungu. Nilimwonea uchungu nikashindwa hata kumkaripia.

Nilimpelekea maji na sabuni akaoge nyuma ya nyumba, akabadilisha nguo, akazifunga zile alizokuja nazo kwenye mfuko wa plastiki. Hata hivyo hakusogea karibu. Alikaa upande wa pili wa uwanja na nywele zake amezifunga khanga iliyolowa, na mama yake akabaki mlangoni, wakazungumza kwa kupaza sauti kama majirani. Coletha alimwuliza habari za safari. Alimwuliza kama amekula. Kisha akafika kwenye lenyewe.

"Umeanza kukohoa?"

Ritha alishika vidole vyake.

"Asubuhi tu, mama."

Coletha hakulia. Nilidhani atapiga kelele, nilikuwa tayari kumshika. Lakini kifua kilikuwa kimeanza kumbana tena, na mbele yake palikuwa na pumpu mpya ambayo Ritha alikuwa ameileta. Aliitazama. Akajizuia kadiri alivyoweza, nikaona anajizuia, mpaka mwili ukamshinda. Akaifungua, akaitia mdomoni, akavuta, na binti yake ng'ambo ya uwanja akamwitikia, "Vuta mama, vuta vizuri."