Picha ya Normand kwenye Ukuta wa Maktaba

Normand Ouellette alikuwa mtu wa maneno mengi, na maneno hayo ndiyo yaliyomficha. Kwenye kiwanda cha karatasi, ambako karibu wanaume wote wa upande wetu wa mto tumemalizia ujana wetu, yeye aliendesha mashine ya kumenya magogo, na kwa mzaha hakuna aliyemweza. Tangazo likibandikwa ukutani, alisema, "Haya, nisomeeni nyie. Macho yangu yamechoka kuangalia sura zenu." Tulicheka, tukamsomea. Mkahawani aliagiza kile kile alichoagiza aliyemtangulia. Tulidhani ni uvivu tu. Kumbe Normand hakuweza kusoma hata jina la mtaa wake.

Aliyejua ni mtu mmoja, mkewe Claudette. Huyo ndiye aliyemsomea kila kilichoingia nyumbani na kumwandikia kila kilichotoka. Binti yao wa pekee, Renée, alipokwenda Boston kusoma, barua za baba alizopokea ziliandikwa na mama kwa mwandiko aliougeuza, naye hakushuku kitu.

Claudette alifariki Januari, ardhi ikiwa imeganda, hata mazishi yakasubiri theluji iyeyuke. Normand akabaki na boksi la kadi za rambirambi. Jioni alizitoa, akazipanga mezani, akazitazama maua yake, akazirudisha.

Ndipo aliposikia redioni kwamba maktaba ya chuo cha jamii, kile chuo kidogo ng'ambo ya daraja ambako watoto wetu husomea uuguzi na ufundi, inafundisha watu wazima kusoma, bure. Alikwenda na gari lake akalizunguka jengo, akarudi nyumbani. Akaenda tena, akarudi tena. Siku aliyothubutu kuingia, alipokelewa na mkuu wa maktaba mwenyewe, Phyllis Haskell, mama mrefu mwenye sauti ya chini kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Umekuja darasani?" Phyllis akamuuliza.

"Nimekuja kuota moto tu. Nje baridi."

"Basi ota moto ukiwa umekaa hapa," akamvutia kiti.

Walikuwa wachache: mama mmoja kijana aitwaye Tammy, mkata miti mmoja mstaafu, na wengine waliokuja na kupotea. Phyllis aliwafundisha kwa subira, kidole chake kikitembea chini ya kila neno. Normand alianza na maandishi ya makopo ya maharage, akapanda hadi magazeti. Mwaka wa pili ikafika siku akaleta lile boksi. Phyllis akakaa kando yake, naye akazisoma zile kadi moja baada ya nyingine, pole za watu waliokwisha kusahau kama waliwahi kumwandikia. Alilia, na Phyllis akalia naye. Tangu siku hiyo, ukimsema Phyllis vibaya mbele ya Normand, ulikuwa umetafuta ugomvi.

Darasa lile halikuwa na fungu lake chuoni. Chuo kililipa taa na mishahara ya wakutubi, basi. Vitabu vya darasa na posho ya walimu waliomsaidia Phyllis jioni vilitokana na ruzuku ya jimbo, na pia na Marafiki wa Maktaba, kikundi cha wastaafu waliouza vitabu vikuukuu kila vuli na kupika maharage ya kuuza kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa. Ruzuku ilipokatwa, maharage peke yake hayakutosha. Phyllis akaamua kuandaa karamu ya wafadhili: wenye viwanda, madaktari, mawakili wa upande ule mwingine wa mto.

Aprili akamwita Normand kando.

"Normand, hawa watu ukiwapa hesabu wanasinzia. Wanatoa wakiona mtu. Nataka usimame uwaeleze habari zako."

"Mbele ya mji mzima? Phyllis, hata binti yangu hajui."

"Najua ninakuomba kitu kikubwa. Lakini bila hivyo darasa linakufa. Tukipata, darasa litaendelea, na tutanunua gari la vitabu liende hadi kambi za wakata miti."

"Kila kitakachopatikana kitakwenda huko?"

"Kila senti. Nakuahidi."

Normand alisimama jioni ile ya Mei, amevaa suti aliyomzikia mkewe. Alieleza jinsi alivyoagiza chakula kwa kuiga, na jinsi alivyojifunga bandeji mkononi siku ya kujaza fomu ya kiwanda ili mwingine amjazie. Watu walicheka. Alipofika kwenye zile kadi, kuna waliotoa leso. Halafu yakaja makofi, kisha hundi.

Kesho yake ndipo alipoonja gharama yake. Mkahawani Lucien, rafiki yake wa kiwandani, alipaza sauti: "Normand! Nikusomee menyu leo, au unajua kuku anaandikwaje?"

"Namjua sana, anaandikwa kama jina lako," Normand akajibu, na meza zote zikacheka. Lakini aliacha kahawa yake nusu, akaondoka. Nilimwona.

La Renée liliuma zaidi. Habari zilipomfikia, alipiga simu kutoka Boston. "Barua zangu zote, baba. Zile nilizokuandikia wewe peke yako, nikakuambia mama asizione. Alikuwa anakusomea yeye?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na umewaambia wageni kabla yangu."

Akakata simu. Miezi ikapita bila kumpigia. Normand alivumilia. Alituambia, "Nimejivua nguo, sawa, lakini darasa limevikwa."

Septemba ilifika, darasa halikufunguliwa. Alipouliza, Phyllis alimwambia kuna ukarabati, avute subira. Akavuta. Oktoba akaalikwa kwenye sherehe, naye akanunua tai mpya akidhani ni ya gari la vitabu.

Pale maktabani ilipokuwa meza ya darasa lao palikuwa na ukumbi wa vioo, viti laini na mashine ya kahawa. Ukutani ilining'inia picha yake, kubwa kuliko mlango, akiwa kwenye jukwaa la Mei, mdomo wazi. Chini yake palikuwa na maneno. Akayasoma polepole: *Kwa ukarimu wenu, Normand sasa anasoma.*

Mchora ramani wa jengo, kijana mchangamfu asiyejua kitu, akamshika mkono. "Ndiye wewe! Phyllis alinionyesha ukuta huu tangu Februari. Aliniambia, acha nafasi hapa, tutaweka uso wa mwanafunzi wetu mmoja."

"Februari?" Normand akauliza.

"Februari, ndiyo. Michoro ilikuwa tayari."

Normand akamtafuta Phyllis kwa macho, akamwendea.

"Darasa liko wapi?"

"Limehamia kwenye kompyuta, Normand. Mtu anajiunga akiwa nyumbani kwake, anafuata maelekezo tu."

"Maelekezo ya kusoma?"

Phyllis akaanza kupanga vikombe mezani.

"Uliponiomba nisimame, ulikuwa unajua?"

"Uongozi wa chuo ulitaka ukumbi. Ningekataa, wangeniondoa, na maktaba ingebaki bila mtetezi. Nilidhani baadaye ningepata njia..."

"Sikuulizi walitaka nini. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua," Phyllis akasema, kwa sauti ile ile ya kubembeleza.

Normand akapanda juu ya kiti kimoja laini na viatu vyake, akaanza kuivuta ile picha. Mlinzi, mtoto wa Lucien, akaja mbio. "Mzee Normand, shuka, nakuomba. Ni mali ya chuo."

"Uso wangu mali ya chuo?"

"Mzee, usinipe kazi nisiyoitaka."

Alishuka kwa ajili ya yule kijana. Akawageukia wageni. "Mlinipa hela za darasa. Darasa halipo. Hapa mmenunua kahawa." Mwanamke mmoja, muuguzi, aliweka kikombe chake mezani akatoka. Wengine wakatazama viatu vyao, na muziki ukaongezwa sauti kidogo.

Yule muuguzi aliomba mchango wake urudishwe, akaambiwa umeshatumika kwa "huduma za jamii." Phyllis akapandishwa cheo mwaka uliofuata. Picha ilibaki ukutani, kwa sababu Normand alikuwa ametia sahihi karatasi ya kuiruhusu siku ya karamu. Ndiyo sahihi ya kwanza maishani mwake aliyoitia akijua karatasi inasemaje.

Yeye na Tammy walijaribu kuendelea katika chumba cha chini cha kanisa. Normand hakuwa mwalimu. Alikwama kwenye maneno marefu, na hakukuwa na wa kumkwamua. Mkata miti aliacha mapema. Tammy alijikaza hadi akaweza kusoma karatasi ya dawa ya mwanawe, kisha akahamia kwa dada yake New Hampshire. Chumba kikafungwa. Renée alikuja Krismasi. Hawakuzungumza sana, lakini alikaa hadi Mwaka Mpya.

Juzi nilimuuliza Normand kama bado anasoma.

"Kila siku," akasema. "Ila nikisoma kimoyomoyo, sauti ninayoisikia si yangu. Ni ya Phyllis. Nimejaribu kumtoa, hatoki."

Wiki hiyo hiyo nilikuwa naye dukani Phyllis alipotokea kati ya rafu za nafaka, akasema, "Habari, Normand." Normand akachukua kopo lililokuwa karibu, akageuza upande wenye maandishi, akalisoma lote hadi mwisho, mpaka mama yule alipopita.