Ubao wa Swichi na Mlango wa Uani

Nyumba ile niliijenga mara nne, na mara tatu za mwanzo nilikuwa na hakika kama kadhi. Ya kwanza ilikuwa kosa, ya pili ikawa kosa la upande wa pili, na ya tatu hata leo sijui niiite nini. Ilikuwa nyumba ya maboksi ya viatu, inaenea kiganjani, lakini ilinitoa jasho kuliko lililowatoka waliojenga Ngome Kongwe.

Mwenye kuitaka alikuwa ami yangu, mdogo wake marehemu baba. Umri wake wote alikuwa fundi wa injini za meli. Alipostaafu akarudi kukaa kwake Malindi ya hapa Unguja, ghorofa ya pili, akiwa na magoti yaliyokwisha na treni ndogo ya umeme aliyopewa na baharia mwenziwe. Treni yenyewe urefu wake mkono mmoja. Mtu mwengine angeiweka kabatini wageni waitazame. Ami alitoa kitanda cha wageni chumba cha juu, akaweka meza katikati, na meza hiyo ilikuwa ndefu hata ukisimama upande wa Mjini ukataka kwenda upande wa Bububu unafikiria kuchukua chakula cha njiani.

Maana hiyo ndiyo aliyoitaka: reli ya zamani ya Mjini na Bububu, ile waliyoipanda babu zetu, ipite tena. Na pembeni mwa reli akataka nyumba za mtaa aliozaliwa, Ng'ambo, zilizovunjwa zamani kupisha majumba ya ghorofa.

"Ami," nikamwambia, "treni iliondoka kabla wewe hujazaliwa. Haikupata kuonana na nyumba yenu."

"Meza ya nani?"

"Yako, ami."

"Basi leo wataonana."

Mimi nilipewa kazi mbili: nyumba, kwa kuwa nina mikono, na ubao wa swichi za kuendeshea treni na kuwashia taa, kwa kuwa nina cheti. Nilisoma umeme skuli ya jioni miaka miwili, nikitoka kazini naingia darasani, nimekaa kwenye viti vya watoto wa darasa la kwanza, magoti yakinigonga masikio. Cheti nimekitia plastiki na kukitundika ukumbini. Mgeni hapiti bila ya kukisalimia.

Aliyenisukuma nikasome alikuwa shangazi, dada yao mkubwa. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. "Nenda," aliniambia, "hata ukilala huko, utakuwa umelala karibu na ubao." Sasa ni mtu mzima, anakaa peke yake mtaa wa Amani, na ugomvi wote wa mwaka ule ulikuwa juu yake. Siku moja alisahau birika jikoni likaungua mpaka likawa na umbo la kikaango. Mwanawe, aliyeko Dar, akataharuki. Akataka kumchukua akakae naye ghorofa ya nane.

"Nikakae hewani kama kunguru?" alisema shangazi. "Nyumba yangu ina kasoro gani?"

Mwana na ami wakakubaliana kwamba ami amwangalie, amsikilize, kisha Ijumaa baada ya sala ampe mwana jibu. Ami akisema dada yake amekuwa msahaulifu, shangazi anafunga mizigo. Akisema mzima, anabaki Amani. Hakuna aliyemwambia shangazi kwamba anafanyiwa mtihani, na mimi niliyejua nikanyamaza, jambo ambalo sijivunii.

Ami, kwa kuwa meza ilikuwa imemjaa kichwani, akaamua kumpima kwa nyumba waliyozaliwa. Jumapili tukaenda Amani. Shangazi akatupa chai na mikate ya kumimina, na ami akatoa karatasi kama karani wa mahkama.

"Dada, ukiingia nyumbani kwetu, chumba cha mama kilikuwa upande gani?"

"Kulia." Hakufikiri hata kidogo.

Ami akanitazama, akanong'ona, "Kushoto."

"Na mlango ulitazamana na nini?"

"Na jiko la jirani, yule mama wa mandazi. Ukifungua mlango tu, moshi wote wako."

"Mlango ulitazama barabara, dada."

"Barabara gani?"

"Barabara! Watu wanapita, magari ya ng'ombe yanapita!"

"Mie gari hapo sikuliona."

"Na kisima?"

"Kabla hujaingia. Unateka, unaosha miguu, ndiyo unaingia."

Ami akaikunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni. Kisima kilikuwa mwisho wa nyumba, nyuma ya vyumba vyote. Hata mimi nilikuwa nishaambiwa hivyo. Tulipofika Darajani akasema, "Umemsikia mwenyewe. Nyumba aliyozaliwa, kaigeuza kama kanzu."

Nyumba ya kwanza nilikuwa nimeijenga kwa maneno ya ami: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi, chumba cha mama kushoto, uani nyuma na kisima chake. Bati nilikata makopo ya soda, ukuta nikaupaka chokaa ya kweli. Niliporudi kutoka Amani nikaibomoa. Nani atajua nyumba kuliko aliyefagia humo? Nikajenga ya pili kwa maneno ya shangazi: chumba kulia, kisima mbele ya baraza, na mahali pa barabara nikaweka jiko la mama wa mandazi. Treni ikawa inapita ndani ya mandazi.

Ami aliitazama kwa muda mrefu. "Kisima barazani? Wazee wakae wapi, ndani ya ndoo?"

Nikajenga ya tatu, mseto. Hiyo hata kuielezea siwezi. Paka akiingia humo hatoki.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba nilirudi Amani peke yangu mara mbili, nikimwuliza shangazi kwa mzunguko, leo naanzia kisimani, kesho naanzia chumbani. Kila mara majibu yale yale. Chumba kulia. Moshi wa mandazi. Kisima kwanza. Mtu aliyesahau husahau ovyo ovyo, leo hili kesho lile. Huyu alikuwa akisahau kwa mpangilio. Nikawa sijui nimwamini nani, na Ijumaa inakuja mbio.

Alhamisi asubuhi nikaweka nyumba kando, nikamaliza ubao wa swichi. Niseme kweli, ulikuwa mzuri kuliko wa bandarini. Kipande cha plaiwudi, nimechora reli kwa rangi nyeupe: Mjini kushoto, Bububu kulia, na katikati nyumba za Ng'ambo, kila pahala jina lake la kubandika na swichi ya kuwashia kitaa chake pale mezani. Nikaulaza kifudifudi mapajani nikaunga nyaya zote kwa nyuma, kisha nikaufunga mbele ya meza na kumwita ami.

Akabonyeza Mjini. Ikawaka Bububu. Akabonyeza Bububu, Mjini kukang'aa kama sikukuu.

"Cheti chako," aliniuliza, "walikupa umelala?"

"Umeme wa leo, ami, haujatulia."

"Umeme haujatulia, au fundi?"

Akashuka zake chini. Nikaufungua ubao, nikakaa nao sakafuni. Nyaya zote zilikuwa pale pale nilipoziweka, hakuna iliyopotea, hakuna iliyochomoka. Nikaugeuza. Nikaugeuza tena, kama chapati. Kwa nyuma, waya wa kwanza uko kushoto. Ukiutazama kwa mbele, waya ule ule uko kulia. Mimi niliyekuwa nyuma nilihesabu vizuri kabisa, kwa mpangilio, na kila kitu kikatokea kinyume kwa aliyesimama mbele.

Kwa mpangilio. Kama majibu ya shangazi. Nikachukua simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Ushakula?"

"Nshakula. Shangazi, nyumbani kwenu ulikuwa ukiingilia mlango upi?"

"Mlango."

"Mlango upi?"

"Leo una nini weye? Mlango wa uani! Mtoto wa kike apite mbele ya baraza, wanaume wamejaa na kahawa zao? Baba angenichuna ngozi. Sisi tulipita vichochoroni, uani kwa uani, unamwamkia huyu, unaonja chungu cha yule, mpaka kwetu."

"Na mlango wa mbele?"

"Wa mbele nliupita siku moja tu. Siku nliyotolewa arusi. Na nlikuwa nimefunikwa gubigubi, sikuona kitu."

Hapo mtu mwenye akili angeshuka ngazi mbio kumwambia ami. Mimi sikushuka. Hakika yangu nilikuwa nishaitumia mara tatu, nikaogopa kuitoa mara ya nne. Na ami si mtu wa kuambiwa, ni mtu wa kuoneshwa. Nikaibomoa ile mseto, nikaijenga upya kama alivyotaka yeye, barabara mbele, kisima nyuma, na jiko la mama wa mandazi ng'ambo ya uani. Kitu kimoja tu nilikiacha makusudi: ukuta wa uani sikuutoboa mlango. Ami hakuwahi kuutaja. Nikasema, kama shangazi anakumbuka, atautafuta mwenyewe.

Ijumaa baada ya sala nikamleta Malindi. Alipanda ngazi akipumzika kila kona. "Ngazi hizi mmemjengea mbuzi?" alisema. Ami alikuwa amekaa juu na kanzu yake, simu iko mezani karibu na stesheni ya Mjini.

Shangazi akasimama mbele, penye ubao. Akaitazama nyumba. Akainama, akainuka.

"Nyumba ya nani hii?"

Moyo wangu ulianguka mpaka dukani chini, ukawasikia watu wakinunua mchele. Nikamtazama ami nikitaraji kuona mtu aliyeshinda. Hakuwa ameshinda. Alikuwa ameinamisha uso, anaisogeza simu kwa kidole, inchi kwa inchi, kama mtu asiyetaka kuishika. Nikafahamu kwamba hata yeye alikuwa akimwombea dada yake ajibu vingine.

"Shangazi," nikasema, "njoo huku."

Kati ya meza na ukuta palikuwa pembamba. Ikabidi nivisogeze vilima vya Bububu, vya magunia na plasta, yeye apite kiubavu, buibui likizoa chokaa yote ya pwani. Akafika upande wa nyuma. Akainama tena. Safari hii hakuinuka.

Kidole chake kikashuka. "Kisima," akasema. "Hapa tunaosha miguu. Hili jiko letu, lile la mama wa mandazi. Huku ndani, kulia, chumba cha mama." Kisha kidole kikaanza kupita ukutani, kinakwenda, kinarudi, kinakwenda, kinarudi. "Mlango uko wapi?"

"Mlango gani, dada? Mlango uko huku mbele."

"Mlango, weye! Sisi tuliingilia wapi? Na wewe siku uliyovunja gudulia la baba ukakimbilia kwa mama wa mandazi mpaka magharibi, ulitokea wapi? Ulipenya ukutani?"

Ami akashika kona ya meza. "Ulikuwa na komeo," akasema polepole, kama mtu anayevuta kitu kutoka kisimani.

"La mti."

"Likikwama."

"Ulinyanyue kwanza..."

"...ndiyo ulisukume," akamalizia ami, na mkono wake ukanyanyua komeo ambalo halikuwepo.

Mimi nilikuwa kama mtu aliyeshuka kwenye boti bandari siyo. Siku zote zile nilidhani mmoja wao ana haki na mwengine amekosea, kazi yangu ni kumjua yupi. Kumbe nyumba ilikuwa ile ile, na kila mmoja ameibeba kwa mpini wake.

Simu ikalia. Alikuwa mwana kutoka Dar. Ami akaipokea akatupa mgongo.

"Waalaykumu salaam. Yuko hapa, ananisuta. Hapana. Hajasahau kitu. Mimi ndiye niliyesahau mlango mzima." Akasikiliza. "Birika? Hata mimi nshaunguza birika. Tutamtafutia la umeme linalozima lenyewe, tunaye fundi mwenye cheti. Hendi huko, baba. Akitaka kuja kukutembelea atakuja, kisha atarudi kwake."

Shangazi akamtazama ami, akanitazama mimi. "Nani alisema naenda pahala?" Ami akaingia kushughulika na stesheni iliyokuwa haina tatizo lolote. Sidhani kama shangazi alidanganyika. Alitikisa kichwa tu, akasema nimpe wembe.

Mlango aliutoboa mwenyewe, mkono hautetemeki. Kisha akataka kuwasha taa. Nyaya zilikuwa ndefu, nikauzungusha ubao nikaufunga upande ule wa uani, mbele yake, ingawa sikuwa nimegusa hata waya mmoja tangu ulipomwaibisha fundi wake. Kwa upande ule, Bububu ilikuwa kushoto kwake na Mjini kulia. Akabonyeza swichi ya kushoto kabisa. Ikawaka Bububu. Akabonyeza ya kulia. Ikawaka Mjini. Ubao ulikuwa sahihi tangu asubuhi ya Alhamisi. Tulikuwa tumeuweka mlango usio wake. Nilibandua majina niliyoandika nikayabadilisha nafasi, na hiyo ndiyo hesabu yote ya umeme niliyoifanya. Skuli ya jioni jambo hili hawakutufundisha, au walifundisha siku niliyolala karibu na ubao.

Ami akaanza kuzunguka, naye aje upande ule.

"Wewe baki barazani," shangazi akamwambia. "Huku kwa wenyewe."

Akabaki. Shangazi akaitafuta swichi ya chumba cha mama, akaibonyeza, na kidirisha kikawa cha manjano.

"Kulia," akasema.

"Kushoto," akasema ami, lakini safari hii alikuwa anacheka.

Mimi nilikuwa nimesimama mwisho wa meza, upande wa Bububu, na vilima mikononi. Niliposimama mimi, chumba hakikuwa kulia wala kushoto. Kilikuwa mbele yangu tu, kinawaka.